Jina Ambalo Sikuliandika

Kanyangi, Jumapili jioni

Mwikali wangu,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga mama yangu, na najua hutarudi upesi, kwa sababu nyanya yako akianza kumwombea mtu safari hamalizi mpaka amewataja dereva, magurudumu na mbuzi watakaovuka barabara. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa mezani, sanduku lako liko mlangoni, na nje namsikia mume wangu akipiga randa ubao.

Mume wangu. Ni miezi miwili sasa, na bado nikiliandika neno hilo nasimama kidogo nilitazame.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kikamba chetu. Kwa Kikamba ningeanza kulia kabla ya mstari wa tatu. Kiswahili nilifundishwa darasani, nikiwa nimekaa wima, na leo nataka kukaa wima. Habari ya neti na maji ya kuchemsha na kutokopesha watu nguo zako tulishamaliza, na ulinijibu "ndiyo, mama" mara nyingi bila kunitazama. Sirudii.

Kesho usiku utalala kwa shangazi yako Syombua kule Kathonzweni, kama mlivyopatana wenyewe. Jumatano utaanza kazi yako, kuzunguka na fomu za serikali ukiandika majina ya wafumaji watakaopewa mitambo na nyuzi. Watu wote kanisani wamenipongeza kwa hayo mawili, kwamba umepata kazi, na kwamba umepata kazi mahali penye mtu wako. Nami nimekuwa nikiitikia "Mungu ni mwema" tu. Kuna jambo ambalo shangazi yako analijua na mimi nalijua, nawe hulijui. Siwezi kukuacha ukale chakula chake na kulala kitandani mwake bila kulijua. Na nikinyamaza, ipo siku mtu mwingine atakuambia, nawe utashindwa kujua ni nini kingine nilikuficha.

Kwanza niseme kwamba nimechoka. Uliniuliza jana kwa nini nafuma kidogo kidogo nikipumzika, nikasema ni joto. Si joto. Mabega yamekwisha, na macho yangu yanaona nyuzi mbili mahali penye uzi mmoja. Kuna siku nakaa kwenye mtambo asubuhi na ninachotaka ni kuulalia tu, nilale juu ya kitambaa kilekile ninachokifuma.

Halafu Musembi anakuja. Usikunje uso, mwanangu, nisomee hivyo hivyo. Ana miaka hamsini na mitatu, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, na akiingia najikuta natengeneza kitambaa cha kichwa kama msichana wa kwaya. Ananiletea chai, anaiweka mbali na nyuzi isije ikamwagika, kisha anasimama tu. Namuuliza anataka nini. Anasema hataki kitu. Mwikali, nimeishi miaka arobaini na sita, na sasa yupo mtu anayesimama karibu nami bila kutaka kitu. Nikiwaza hilo nacheka peke yangu. Najua hujapenda kumwita baba, na siku ya harusi ulimgawia chakula ukasema "karibu, fundi." Alifurahi. Aliniambia usiku ule kwamba fundi ni jina zuri, alilipata kwa jasho.

Lakini ili ujue nilichomfanyia shangazi yako, lazima nianze na fundi huyo huyo.

Unakumbuka lile jengo la nyuma ya kanisa, kabla halijawa chumba cha watoto wa Jumapili. Ndani mlikuwa na mitambo mitatu ya zamani ya kufumia, ile iliyonunuliwa kwa harambee, na wanawake kumi na wawili tukiitumia kwa zamu. Nilijiunga baba yako alipofariki, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Shangazi yako alijiunga nami. Yeye alikuwa ametoka kwenye ndoa yake ya Kathonzweni baada ya mumewe kufa, akarudi kwa boma la kaka yake, nasi tukabaki wajane wawili kwenye boma moja. Wewe ulikuwa sekondari ya bweni, kidato cha kwanza, na ukija likizo ulikuwa unalala kwake, si kwangu. Nilikuwa naona wivu kidogo. Alikuita "mwaitu", mama yangu, kwa sababu ulipewa jina la mama yake, na alikutumikia kweli kama mama yake. Hata uji alikupoozea.

Kazi yake kwenye jengo lile pengine hukuitazama vizuri. Wewe ulipenda kutazama mitambo ikipiga kelele. Yeye alikaa pembeni kwenye kigoda, mguu wake mbaya ameunyoosha mbele, akizungusha uzi kwenye vigingi vya ukutani, kwenda na kurudi, akihesabu chini ya pumzi. Hiyo ndiyo kazi ya kutanda. Kabla mtambo haujafuma hata kidole kimoja cha kitambaa, lazima nyuzi zote za urefu zihesabiwe, zilingane, zipishane kwa mpangilio ili zisishikane, ndipo zipelekwe mtamboni na kupitishwa mmoja mmoja. Ukikosea hapo, hakuna mkono utakaokuokoa baadaye. Shangazi yako alitanda mitambo yote mitatu. Alifunga kila nyuzi ishirini kwa kipande cha uzi mwekundu, na sikumbuki hata siku moja tukikuta amekosea.

Tulikuwa na desturi. Mwanamke akimaliza kitambaa chake cha kwanza, anakikata mwenyewe kutoka mtamboni, wenzake wanamvika mabegani na kupiga vigelegele, na kuanzia hapo anaitwa mfumaji. Kabla ya hapo anaitwa mgeni, kwa utani, hata akiwa amekaa mwaka. Shangazi yako hakuwahi kukata kitambaa, kwa sababu mguu ule uliovunjika utotoni haukuweza kukanyaga vikanyagio. Hakuna aliyemwita mgeni, lakini pia hakuna aliyemwita mfumaji. Yeye ndiye aliyekuwa anawavika wengine. Mimi alinivika yeye.

Sasa fundi. Mtambo wangu ulipasuka mguu, mtu akasema kuna seremala wa Zombe anayejenga madawati shuleni. Akaja Jumanne. Aliutazama mtambo kwa muda mrefu bila kuugusa, kama daktari, halafu akaniuliza ni upande upi unanichosha zaidi. Hakuniuliza ni upande upi umevunjika. Nilikuwa mjane wa miaka miwili, Mwikali, na hakuna aliyekuwa ameniuliza kinachonichosha. Shangazi yako ndiye aliyesema, "Fundi, kaa unywe chai kwanza, huyu atakumbuka."

Jumanne iliyofuata mtambo ulilegea tena, akaitwa tena. Jumanne nyingine vile vile. Wanawake walianza kutazamana. Nitakuambia ukweli ambao hata nyanya yako haujui: nilikuwa nazilegeza kabari mwenyewe. Nilikuwa nafika mapema, natoa kabari moja chini ya boriti, naiweka mfukoni mwa aproni, halafu nasema mtambo unayumba. Mwanamke mzima, mama wa mtoto wa sekondari. Nilikuwa na furaha ya kijinga isiyo na mfano. Musembi anasema alijua tangu mara ya pili, na kwamba alikuwa anachonga kabari za akiba nyumbani.

Shangazi yako naye alijua. Siku moja, watu wote wakiwa wamekaa wanakula githeri, akasema bila kuinua uso kutoka kwenye vigingi vyake, "Mtambo wa Mama Mwikali una ugonjwa wa Jumanne. Dawa yake inatoka Zombe."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga githeri. Mwingine akauliza kama dawa hiyo ni ya kunywa au ya kujipaka. Ulikuwa utani tu, wa watu wanaopendana. Leo naweza kuucheka. Siku ile nilihisi nimevuliwa kitambaa cha kichwa hadharani. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, nilijiambia, ananihukumu mbele ya watu. Hakuwa ananihukumu. Alikuwa amemkaribisha mtu yule chai kabla mimi sijapata ulimi. Lakini mtu anayeona aibu ya jambo lake mwenyewe hupenda kuamini kwamba aibu imeletwa na mwingine. Nikaacha kumsalimia vizuri. Nikawa namjibu kwa neno moja.

Wiki hiyo hiyo ndipo alipokuja afisa wa kuandika wafumaji.

Alikuwa msichana mpole, umri kama wako leo, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi kwa sababu alitembea kutoka barabarani. Nataka umkumbuke siku utakapokuwa umechoka kama yeye. Aliketi nasi vizuri, akaeleza kwamba serikali inataka kuwasaidia watu wa kazi za mikono, kwamba watapewa mitambo mipya, nyuzi na mafunzo ya wiki mbili mjini Kitui, na kwamba watakaopata ni wale tu walioandikwa. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Akanipa fomu. Juu iliandikwa "Majina ya Wafumaji." Nafasi zilikuwa kumi na tano.

Niliandika kumi na mawili. Shangazi yako wakati huo alikuwa nyuma ya jengo, akipika chai ya mgeni.

Yule msichana akahesabu kwa kalamu, akaona nafasi zilizobaki, akaniuliza, "Mama, hakuna mtu mwingine anayefanya kazi hapa?"

Nikasema, "Hao ndio wote."

Wenzangu walikuwa wanazungumza, hawakusikia. Nilichukua rula nikazipiga mstari zile nafasi tatu, ili ukurasa uwe safi. Halafu shangazi yako akaingia na chai, akichechemea, akimpa mgeni kikombe kisicho na ufa. Msichana akamshukuru, akamuuliza jina, akalisema vizuri. Fomu ilikuwa imefunikwa mezani kati yao.

Nilijiambia ni desturi. Mfumaji ni aliyekata kitambaa, na fomu imesema wafumaji. Kwa miezi mingi nilijifunika na desturi hiyo. Haikuwa desturi, Mwikali. Ilikuwa ni ule utani wa Jumanne. Desturi nilikuta iko karibu, nikaishika.

Mitambo ilikuja wakati wa kiangazi, mitano, mizuri, ya mbao ngumu. Nataka ujue kwamba ilikuwa mizuri, na mifuko ya nyuzi ilikuwa ya pamba safi, haikuwa na mafundo. Watu watakuambia kila siku kwamba serikali haileti kitu. Kwetu ilileta. Tulikusanyika mbele ya jengo, wote tumevaa nguo za kanisani. Shangazi yako aliketi benchi la mbele. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, kile ulichomletea kutoka shuleni. Afisa akasoma majina, na kila aliyesomwa akasimama, akachukua mfuko wake wa nyuzi, akapigiwa vigelegele. Shangazi yako alipiga vigelegele kwa kila mmoja. Jina la kumi na mbili liliposomwa aliendelea kutazama mbele, amekaa vilevile kama mtu anayengoja zamu yake. Fomu ikafungwa. Watu wakainuka kubeba.

Alinifuata mahali niliposimama. Hakuja kwa hasira. Aliniuliza kwa sauti yake ya kila siku:

"Mama Mwikali, mimi niko ukurasa gani?"

Nikamwambia, "Wameandika wafumaji tu, wifi. Unaijua desturi yetu."

"Naijua," akasema. "Nimewavika nyinyi wote."

Basi. Siku iliyofuata alikuja kama kawaida, akamalizia nyuzi zilizokuwa tayari kwenye vigingi, akazifunga, akatundika mkasi mahali pake. Wiki moja baadaye alipanda gari kwenda Kathonzweni, kwenye shamba la marehemu mumewe. Wanawake waliniuliza nini kimetokea. Nikasema serikali imemkataa kwa sababu ya mguu wake. Wakaamini, wakaitukana serikali, nami nikaisikiliza inavyotukanwa kwa kosa la mkono wangu.

Ulipofunga shule ukakuta nyumba yake imefungwa. Uliniuliza. Nikasema amekwenda kuangalia shamba, atarudi. Ulilia siku mbili na ukakataa kula. Huo ni uongo wa pili, na ni wako peke yako, basi kwa huo nakuomba msamaha wewe.

Tulirudi kutoka mafunzo ya Kitui tukijua kuiendesha ile mitambo mipya. Walitufundisha vizuri, lakini walituketisha kwenye mitambo iliyokwisha kutandwa, na hakuna kati yetu aliyeuliza ilitandwaje. Nyumbani kila mmoja alikuwa amezoea kukuta nyuzi ziko tayari, kama mtu aliyezoea kukuta maji ndani ya mtungi. Tukajaribu wenyewe. Mara ya kwanza tulikosea hesabu. Mara ya pili tulihesabu vizuri, tukasahau kuzipishanisha, na tulipoziondoa kwenye vigingi zilishikana pamoja kama nywele ambazo hazijachanwa mwaka mzima. Tulikaa siku tatu tukizifumua kwa sindano, halafu tukazikata. Mwenzetu mmoja, mama mzee asiye na maneno mengi, alisimama akatutazama akasema, "Tuko wafumaji kumi na wawili, na hatuna kitambaa."

Nilimpigia simu shangazi yako. Sikiliza vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo ninapojiona mdogo kabisa. Nilimpigia ili nimuulize anavyopishanisha. Alinieleza. Alirudia mara tatu polepole, akaniambia nitafute kijiti nikiweke katikati, akaniuliza kama nimekishika. Akaniuliza pia wewe unaendeleaje na hesabu za shuleni. Salio likaisha yeye akiwa bado anasema. Mwikali, sikumwomba msamaha kwenye simu ile. Niliuliza habari ya nyuzi tu. Na sikupiga tena.

Nyuzi zikaisha. Wanawake wakarudi kwenye kusuka viondo nyumbani, wengine kwenye mashamba ya watu. Afisa mwingine alikuja kukagua, akakuta kuku ametaga juu ya mtambo mmoja. Hakutugombeza. Aliandika, akaondoka, na baada ya muda lori likaja likaichukua mitambo mitano, ikapelekwa kwa kikundi kinachofanya kazi. Walikuwa na haki. Nilisaidia kubeba. Ile mitatu ya zamani ilikuwa imekwisha kuliwa na mchwa.

Musembi alinitaka tangu wakati ule. Nilimfukuza. Kila nilipomwona nilimwona shangazi yako kwenye benchi. Nilimwambia mimi si mtu wa kuolewa tena, akarudi Zombe, na kila baada ya miezi kadhaa alikuwa anakuja kuniuliza kama kuna mtambo ulioharibika. Hapakuwa na mtambo hata mmoja Kanyangi nzima! Anasimama mlangoni na mfuko wake wa vifaa, anauliza. Miaka sita. Mwishoni akaleta mtambo aliouchonga mwenyewe kwa mti wa mukau, akauweka chini pale uani, akasema huu ukiharibika itabidi nimwite. Nani angekataa? Mimi sikuweza. Nimejifunza kutanda peke yangu, vibaya, natupa uzi mwingi, na ndiyo maana mabega yangu yako hivi. Kazi hii ni ya watu wawili.

Nimekuandikia haya yote na bado sijakupa shauri. Sina mengi. Utakapofika kwenye kikundi, wataleta katibu mwenye mwandiko mzuri, na atakuwa na majina tayari. Usiyachukue. Waambie wakuonyeshe kitambaa kimoja tangu uzi ukiwa kwenye mfuko mpaka kinapokatwa, nawe ukae siku nzima, uandike kila mkono unaougusa uzi huo. Utachelewa, na wakubwa wako watakusukuma. Mwulize katibu ni nani aliye nyuma ya jengo. Na katibu akikuambia "hao ndio wote," msichana wangu, toka nje ukaone anayepika chai.

Na siku utakapompenda mtu, watu watakucheka. Cheka nao. Mimi ningecheka siku ile ya githeri, ungekua ukiwa na shangazi yako nyumbani.

Nasikia kule Kathonzweni anatandia kikundi kizima. Aliyeniambia alisema wanamwita Mama Nyuzi na wanampenda, lakini hayumo kwenye orodha yao ya wanachama, kwa sababu hajui kufuma. Sikujua niweke wapi uso wangu niliposikia. Huenda ukamkuta mbele yako, nawe umeshika kalamu. Sikuombi umwandike kwa kuwa ni shangazi yako. Hilo lingekuharibia kazi na yeye angekataa. Kaa utazame mikono yake, kama utakavyotazama mikono ya mtu usiyemjua.

Wiki iliyopita nilimwambia Musembi yote. Niliogopa kuliko nilivyoogopa madhabahuni. Alikuwa anasugua ubao kwa msasa, akaupuliza vumbi. Halafu akasema, "Yule mama alinikaribisha chai siku ya kwanza. Wewe hukunikaribisha." Akaendelea kusugua. Asubuhi aliniletea chai kama kawaida, ila hakusimama.

Nilikuwa nimepanga kukupa ujumbe umpelekee. Nilianza barua yake, na nilikuwa nimetenga kitambaa changu kizuri kuliko vyote. Barua nimeichana na kitambaa nimekirudisha. Wewe una jina la mama yake. Ukisimama mbele yake ukasema mama ameomba msamaha, atasema yamekwisha kabla hujamaliza, kwa kuwa hawezi kukunyima kitu. Itakuwa umeomba wewe na umesamehewa wewe, na mimi nitakuwa nimekaa hapa Kanyangi nikinywa chai na mume wangu. Nimeshakutumia vya kutosha. Uliachwa bila shangazi kwa ajili yangu. Hutanibebea na hili.

Kwa hiyo kesho nakwenda Kathonzweni. Nimemwambia Musembi. Aliniuliza kama nitarudi siku hiyo hiyo, nikasema sijui, labda nitarudishwa nikiwa bado mlangoni. Akasema atajipikia, na akaenda kunitafutia viatu vinavyofaa kwa safari. Nakupenda, na yeye nampenda, na nimechoka kuwapenda watu nikiwa nimejificha.

Barua hii nitaiweka chini ya mto wako. Ukiisoma na ukakasirika, una haki, na usijilazimishe kunisemesha asubuhi. Gari lina viti vingi. Kaa mbele na dereva, mimi nitakaa nyuma. Tukishavuka Mto Athi utakuwa na muda wa kutosha kuamua kama utanijulisha kwa watu kama mama yako. Ila tukifika kwake, nakuomba kitu kimoja. Simama kando kidogo na mizigo, uniache mimi nibishe hodi.

Mama yako